Kokoto nyeupe, kokoto nyeusi: jiwe linavyogeuka jiwe jingine

Fuso mbili zilimwaga kokoto kwenye kiwanja kimoja Mwananyamala, hatua chache tu kutoka kijiwe chetu cha kahawa. Rundo la kwanza lilikuwa jeupe, la vumbi. La pili lilikuwa jeusi, na jua likilipiga linametameta. Fundi akalikataa lile jeupe palepale. Kwa nguzo za ghorofa, alisema, anataka zile nyeusi, kokoto za machimbo ya Lugoba, mkoani Pwani. Hizo nyingine zikatandazwe kwenye njia ya gari. Basi kahawa ikapoa vikombeni. Mzee mmoja akasema zile nyeusi ni za volkano, ndiyo maana zimeungua. Kijana wa bodaboda akambishia: mawe yote ni mamoja, rangi ni rangi tu, kama ilivyo kwa ng'ombe. Jamaa mwingine, mwenyeji wa Songea, akaapa kuwa mawe yanaota, kwani shambani kwao huyaokota yote na msimu ukirudi huyakuta tena. Mama mwenye kiwanja alikuwa na swali moja tu: marumaru atakazoweka sebuleni ni mawe au ni kitu cha kiwandani?

Mimi nilinyamaza. Kijiweni ukijifanya mwalimu unalipishwa kahawa ya watu wote. Hapa hakuna wa kunilipisha, kwa hiyo nitawajibu wote wanne, ingawa si kwa zamu walizouliza.

Pilau na viungo vyake

Nusu ya ubishi ule ulikuwa wa maneno. Jabali, jiwe, kokoto, changarawe, mchanga: hayo ni majina ya ukubwa, hayatuambii kitu kimetoka wapi. Mwamba ndio mama yao wote, ile sehemu ngumu ya ardhi ambako vipande hivyo vimemeguka. Na mwamba umeundwa kwa madini, kama pilau inavyoundwa kwa mchele, nyama, viazi na bizari. Ukiitazama kokoto moja kwa makini utaona punje nyeupe, punje nyeusi, pengine na kijisahani kinachong'aa kama kioo. Kila punje ni madini ya aina yake, na mkusanyiko wa punje hizo ndio mwamba. Iko miamba mingine iliyo kama wali mweupe, karibu yote kiungo kimoja. Mawe ya chokaa ni hivyo. Kwenye leseni na ushuru utasikia mchanga na kokoto vikiitwa "madini ujenzi", lakini hilo ni jina la ofisini, tuliache hukohuko ofisini.

Wataalamu wameigawa miamba katika makundi matatu, na katika kuigawa hawakuangalia rangi, uzito wala ugumu. Waliuliza swali ambalo mzee yeyote wa pwani humuuliza mgeni: umetokea wapi, na umepitia wapi? Uliotokana na uji wa moto uliopoa unaitwa mwamba wa moto. Uliotokana na masalia ya vitu vingine yaliyorundikana na kushikana ni mwamba wa mashapo. Na ule ambao tayari ulikuwa mwamba, ukazikwa, ukapikwa na kubanwa hadi ukawa kitu kingine pasipo kuyeyuka, huo ni mwamba geu. Kwa hiyo kijana wa bodaboda alikuwa na hoja kuhusu rangi. Mawe mawili meusi yanaweza kuwa hayajuani kabisa, na jeupe na jeusi yakawa ndugu wa tumbo moja.

Nyumba za wanyama wa baharini

Rundo jeupe ni la hapahapa kwetu. Nenda Coco Beach maji yakiwa yamekupwa, na kabla hujanunua mihogo shuka kwenye ile miamba yenye makali inayochana ndala. Inama utazame. Utaona vitundu vilivyopangana kama sega la nyuki, vipande vya kombe, mirija. Hayo ni matumbawe, makazi ya viumbe wadogo wanaochukua kalsiamu iliyoyeyuka kwenye maji ya bahari na kujijengea nayo. Kiumbe akifa, nyumba inabaki, na mwingine anajenga juu yake. Miamba hii tunayoikalia jioni ilikua chini ya maji, maelfu kwa maelfu ya miaka iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Bahari ikashuka, matumbawe yakaachwa nchi kavu. Mvua ikawa inayeyusha kidogo huku na kugandisha kidogo kule, mpaka nyumba, kombe na mchanga vikawa kitu kimoja.

Kunduchi, Boko na Wazo nako kuna mawe ya chokaa. Kiwanda cha saruji hakikuwekwa Wazo kwa bahati mbaya. Kilianza kazi mwaka 1966, na kilifuata jiwe, kwa sababu saruji hutengenezwa kwa mawe ya chokaa yaliyosagwa pamoja na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa kwenye tanuru la joto la karibu nyuzi 1,450 za selsiasi. Ukiegemea ukuta wowote wa Dar es Salaam, umeegemea kwa kiasi fulani makaburi ya wanyama wa baharini.

Wazee wa pwani waliijua kazi hii pasipo maabara. Waliojenga Kilwa Kisiwani, Kaole na Mji Mkongwe wa Unguja walikata matumbawe kwa ajili ya kuta, na mengine wakayapanga juu ya magogo wakayachoma. Joto likifika nyuzi 900 hivi, jiwe hutoa hewa ya kaboni iliyokuwa imefungwa ndani yake na kubaki chokaa kali. Ukiimwagia maji inafoka na kutoa joto, kisha inatulia kuwa uji mweupe. Ukishaupaka ukutani, uji huo unaanza kuvuta tena hewa ileile kutoka angani, taratibu, mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka, mpaka unarudi kuwa jiwe la chokaa. Jiwe limekuwa unga, unga umekuwa uji, uji umerudi jiwe. Safari hii limerudi likiwa kibla cha msikiti. Anayeuelewa ukuta huo ameshaelewa sehemu kubwa ya makala hii.

Si mashapo yote yanayotokana na viumbe. Mvua za masika zikifunga barabara ya Jangwani, subiri maji yaondoke uone yalichoacha. Chini kuna mchanga, ulio mzito na uliotua kwanza; juu kuna tope laini lililochelewa kutua. Masika yanayofuata yanaleta utandu mwingine juu ya ule wa kwanza, na mifuko yake ya plastiki. Chimba shimo pale utakuta tabaka juu ya tabaka, kama chapati kwenye hotipoti: ya kwanza kupikwa iko chini, ya mwisho iko juu. Kanuni hiyo nyepesi ndiyo wanajiolojia wanayoanza nayo wakisoma historia ya miamba ya mashapo popote duniani. Zama zetu zitatambulika kwa chupa za maji na vifungashio vya biskuti, jambo ambalo sioni la kujivunia.

Tope hilo haliwi mwamba kwa kukauka juani. Linahitaji mzigo wa kulibana na gundi ya kulishika. Tabaka za juu zinalikamua maji. Maji yaliyobaki yana madini yaliyoyeyuka ndani yake, nayo yanaganda katikati ya punje kama ule ugaga mweupe unaoganda ndani ya birika. Mchanga ukawa jiwe la mchanga, tope likawa jiwe la udongo. Vilima vya Pugu vina mchanga wa namna hiyo, ulioshikwa na udongo mweupe wa kaolini. Yale mapango ya popo ambayo wanafunzi hupelekwa kuyatazama ni mahandaki ya machimbo ya zamani ya kaolini hiyo.

Jiwe la mchanga linanikumbusha kosa moja ninalolisikia kila umeme unapozungumzwa. Watu husema gesi ya Songo Songo imekaa kwenye pango kubwa chini ya bahari, na ikiisha litabaki shimo tupu la kutumeza. Pango hilo halipo. Gesi hiyo, ambayo bomba limekuwa likiileta Dar es Salaam tangu mwaka 2004, imejibanza kwenye vinafasi vidogo vilivyo kati ya punje na punje za jiwe la mchanga, kama maji ndani ya sifongo. Juu yake limelala jiwe la udongo lisilopitisha kitu, ndilo kifuniko. Ukilishika mkononi jiwe lenye gesi namna hiyo, utaliona gumu kama jiwe lolote.

Mbona chini hakuna bahari ya moto

Mzee wa volkano anaamini, kama wanavyoamini wengi, kwamba chini ya miguu yetu kuna bahari ya moto na kila volkano ni bomba linalotoka kwenye kiini cha dunia. Kiini hicho kiko zaidi ya kilomita 2,800 chini, na uji wa volkano hautoki huko. Kilichopo kati yetu na kiini ni mwamba, wa moto mno lakini mgumu, kwa sababu umebanwa na uzito wa kila kilicho juu yake. Fikiria presha kuka jikoni. Maji ndani yake yanapita nyuzi 100 na bado ni maji, kwa kuwa mvuke umeyakandamiza. Ukiachia mvuke ghafla, yanafoka. Mwamba wa chini nao ukipanda, mzigo juu yake ukapungua, sehemu yake inayeyuka ingawa hakuna aliyeongeza kuni. Hivyo ndivyo inavyotokea chini ya Bonde la Ufa, ambako ardhi inavutwa huku na huku.

Uji ukianza kupoa, kasi ya kupoa ndiyo inayoamua sura ya jiwe. Wauza chumvi wanalifahamu hili vizuri. Maji ya bahari yakiachwa kwenye mashamba ya chumvi yakaukie juani polepole, unapata chumvi ya mawe, ile ya punje kubwa. Ukiyachemsha upesiupesi juu ya moto unapata chumvi laini. Uji unaomwagika juu ya ardhi, yaani lava, unapoa haraka na punje hazipati muda wa kukua, ndiyo sababu basalti ya kule Kilimanjaro ni nyeusi na laini kwa macho, huoni punje mpaka utumie lenzi. Uji unaokwama kilomita kadhaa chini hupoa kwa maelfu au malaki ya miaka, na punje zake hukua hata kufikia ukubwa wa harage. Hiyo ni graniti.

Mawe ya Mwanza, likiwemo lile la Bismarck linalotokea kwenye kila picha ya jiji, ni graniti. Hakuna majitu yaliyoyapanga. Yaliganda chini sana, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, kisha yakapata nyufa. Maji yakapenya kwenye nyufa na kula pembe kwanza, kwa kuwa pembe inaliwa kutoka pande zote, na kilichokuwa kama tofali kikawa mviringo. Udongo uliokuwa umeyazunguka ukachukuliwa na mvua, yakabaki yamebebana hivyo.

Ol Doinyo Lengai ni kituko peke yake. Lava yake ina joto la nyuzi 500 hadi 600, kama nusu ya lava ya kawaida. Mchana inaonekana nyeusi kama oili chafu, na ikishaganda unyevu wa hewa huigeuza nyeupe ndani ya siku chache tu. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayomwaga lava ya aina hiyo. Anayedhani jiwe linahitaji mamilioni ya miaka ili libadilike, aanzie pale.

Kupikwa bila kuyeyuka

Sasa rundo jeusi, ambalo ndilo lililonifanya nikae kuandika. Kokoto za Lugoba hazikutoka volkano na weusi wake hautokani na kuungua. Unatokana na madini ambayo kwa asili yake ni meusi. Okota moja, ioshe, uigeuzegeuze: utaona michirizi, mstari mweupe, mstari mweusi, mweupe tena, na mahali pengine mistari hiyo imejikunja kama kitenge kilichotupwa kitandani. Lava haina mistari ya namna hiyo. Mwamba huu unaitwa naisi, na uko katika kundi la miamba geu.

Hapa ndipo wengi tulipopotea tangu shuleni, tukadhani kugeuka ni kuyeyuka na kuganda upya. Mwamba ukiyeyuka wote, umerudi kwenye kundi la moto. Mwamba geu hubadilika ukiwa bado mgumu. Tazama gogo kwenye tanuru la mkaa. Halikuyeyuka, na halikuwa majivu. Limefukiwa, likapikwa kwa hewa kidogo, limetoka kitu kingine kabisa. Ukilivunja bado unaziona nyuzi za mti na fundo lilipochipua tawi, lakini huwezi tena kulichonga mwiko. Mwamba uliozikwa kilomita 20 au 30 chini, ambako joto linaweza kupita nyuzi 700, unafanyiwa vivyo hivyo. Madini yasiyostahimili hali mpya yanavunjikavunjika, na malighafi yake inajenga madini mengine yanayostahimili. Maji kidogo yaliyo kati ya punje yanafanya kazi ya utingo, kushusha huku na kupakia kule. Kazi inakwenda polepole mno, lakini huko chini hakuna anayewahi mahali.

Na mistari inatoka wapi? Chukua mchele wa basmati kiganjani, uukandamize kwa kiganja kingine huku ukiusugua kidogo. Punje zinalala ubavu, zote upande mmoja. Madini mengi yana umbo la kijiti au la sahani, na yakikua huku yamebanwa yanajipanga kama mchele huo. Kadiri joto na mbano vinavyozidi, meusi yanakusanyika kwa meusi na meupe kwa meupe.

Aliyeibana Lugoba ni mgongano wa mabara. Kati ya miaka milioni 650 na milioni 550 iliyopita hivi, vipande vikubwa vya nchi kavu viligongana, na pale vilipokutana pakabaki ukanda mrefu wa miamba geu unaokata mashariki mwa Afrika. Wanajiolojia wanauita Mkanda wa Msumbiji. Uluguru imo humo, Usambara imo, Mahenge na Mirerani pia. Kabla ya kubanwa, mwamba mmoja ulikuwa graniti, wa pili mchanga, wa tatu tope la chini ya bahari, na kila mmoja ulitoka na sura iliyolingana na ulivyoingia. Tope lililojaa mabaki ya viumbe lilitoa grafaiti, ile inayopatikana Mahenge: kaboni ya uhai wa kale iliyopikwa hadi ikawa nyenzo ya betri na penseli. Mawe ya chokaa yalitoka yakiwa marumaru.

Tanzanite nayo ilipikwa kwenye jiko hilohilo. Kwa kuwa Mirerani iko jirani na Kilimanjaro, nimewasikia hadi wauza vito wakisema tanzanite ililetwa na volkano. Tanzanite ina umri wa miaka kama milioni 585. Kilimanjaro ilianza kutapika miaka milioni 2.5 hivi iliyopita. Kusema mlima ule ndio uliozaa jiwe hili ni kudai mjukuu kamzaa babu. Tangu jiwe hilo lilipotambuliwa mwaka 1967, biashara yake imekuwa na siri isiyo siri: mengi hutoka ardhini yakiwa ya kahawia, kisha huchomwa kwenye tanuru dogo kwa nyuzi 500 au 600, ndipo bluu inapojitokeza. Binadamu anamalizia upishi ulioachwa na ardhi. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza kama Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa mwaka 2022, lina tanzanite ndani. Nilimwambia halina hata punje, ila lina ndugu zake wengi, kama kokoto zake ni za Mkanda wa Msumbiji.

Nimjibu na mama mwenye kiwanja. Marumaru halisi ni jiwe la chokaa lililopikwa na kubanwa hadi punje zake zikafumana na kumeta kama sukari. Lakini kwenye maduka yetu "marumaru" ni jina la kigae chochote cha sakafuni, na vigae hivyo ni udongo wa mfinyanzi, kaolini na madini ya feldspa, vimesagwa, vikashindiliwa na kuchomwa kwa joto linalopita nyuzi 1,100. Kwa hiyo, mama, zako ni za kiwandani, na kiwanda kimeigiza kazi ya ardhi kwa muda wa kupika maharage.

Ukitaka kuhakikisha, tumia ndimu. Kwaruza jiwe kwa msumari upate unga kidogo, kamulia juu yake, sogeza macho karibu. Mawe ya chokaa na marumaru halisi hutoa vipovu vidogo, kwa sababu asidi ya ndimu inaifungulia ile hewa ya kaboni. Kokoto ya Lugoba haishtuki, na kigae hakishtuki. Kwa sababu hiyohiyo, aliyefunga kaunta ya marumaru halisi jikoni asikatie ndimu juu yake, maana itaacha doa lililofifia ambalo kitambaa hakiliondoi. Kaunta nyeusi zinazouzwa kwa jina la graniti hazidhuriki na ndimu, ingawa nyingi si graniti hata kidogo. Kwa mfanyabiashara, jiwe lolote gumu linalokubali kung'arishwa ni graniti, na sijaona sababu ya kugombana naye.

Jahazi na bodaboda

Mwamba uliokuwa kilomita 20 chini umepandaje hadi kwenye Fuso? Simama bandarini utazame jahazi linalopakuliwa. Kila gunia linaloshuka, jahazi linainuka kidogo, bila mtu kulisukuma. Milima nayo inaelea juu ya mwamba wa moto ulio chini yake, ambao ingawa ni mgumu hunyumbulika ukipewa muda. Mvua inaipakua milima punje kwa punje, na chini inainuka kufidia. Endelea hivyo kwa miaka milioni mia kadhaa, kilichokuwa tumboni kinafika juani.

Na shehena hiyo inakwenda wapi? Masika, maji ya bomba hapa mjini yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, unatazama sehemu ya jibu. Mto Ruvu, unaotunywesha, unashuka kutoka Uluguru. Mvua yenye asidi hafifu inaigeuza feldspa ya miamba kuwa udongo wa mfinyanzi, na huo ndio unaochafua ndoo yako. Kwatsi, madini mengine ya miamba hiyo ambayo hayayeyuki kirahisi, inabaki punje, inaviringishwa na mto na kuitwa mchanga. Vyote vinafika baharini upande wa Bagamoyo na kulala kitako, tabaka juu ya tabaka, tayari kuwa mashapo. Mwamba geu umeshaanza maisha mapya, na wewe umeuona ukipita kwenye bomba lako.

Jamaa wa Songea naye anaona kitu cha kweli shambani kwao, ila anakisoma kinyume. Mawe hayaoti. Mvua na jembe vinaondoa udongo laini, na mawe yaliyokuwa chini yanabaki wazi. Shamba linalozidisha mawe kila mwaka ni shamba linalopoteza udongo. Angekuwa ndugu yangu ningemshauri aache kushangaa mawe na kuanza kuweka matuta.

Kitabu changu cha shule kilichora mzunguko wa miamba kama duara: moto, kisha mashapo, kisha geu, kisha moto tena. Duara hilo limewafanya watu wengi waamini kuwa kila mwamba hupita vituo vyote kwa zamu, kama basi la mwendokasi. Miamba huenda kibodaboda. Mashapo yanaweza kumomonyoka na kuwa mashapo mapya bila kuonja joto, kama mchanga wa Pugu unaobebwa na Mto Msimbazi hadi baharini. Mwamba geu unaweza kuzikwa na kupikwa mara ya pili. Graniti inaweza kukaa miaka bilioni mbili pasipo kwenda popote, kama ya Mwanza, halafu ikaanza kusagika kuwa mchanga wa ziwa.

Turudi kiwanjani. Fundi alikuwa na haki kuhusu nguzo. Kokoto za matumbawe zina vitundu, zinakunywa maji na kupasuka mapema. Naisi imeshabanwa na mabara mawili, ghorofa tatu haziitishi. Siku ya kumimina alichanganya kokoto za Lugoba, mchanga wa mtoni na saruji, na kesho yake vijana wakawa wanalimwagilia zege maji kwa ndoo. Mzee wa volkano akauliza kwa nini wanamwagilia kitu wanachotaka kikauke. Hakikauki, nikasema. Saruji inakunywa yale maji na kujenga nayo madini mapya, mfano wa nyuzi zinazoshika mchanga na kokoto. Ikikosa maji mapema inabaki dhaifu.

Wakanitazama. Kijana wa bodaboda akataka kujua hilo zege sasa tuliweke kundi gani. Mwenyewe akasema mashapo, kwa kuwa ni vipande vilivyogandishwa kwa maji. Mzee akasema la moto, kwa sababu saruji imepita tanurini. Jamaa wa Songea akauliza kama likizikwa kilomita 20 litageuka. Litageuka, nikamwambia, na chokaa yake itafanya kazi na kwatsi ya mchanga kutoa madini ambayo leo hayamo humo ndani. Nilikuwa nimeshaanza kumweleza madini gani nilipomwona muuza kahawa akihesabu vikombe na kunielekezea mimi.